Niage Ukiondoka

Mpira wa besiboli ulipanda, ukapinda nje ya mstari, na kati ya watu elfu thelathini waliofurika uwanja wa Cerro alasiri ile ya Jumapili, ukaenda kumwangukia Idalmis Cárdenas mapajani. Kahawa yake ilimwagika yote kwenye gauni la njano alilolishona mwenyewe kwa pazia la mama yake. Kelele zikaanza palepale.

"Rudisha mpira, dada!"

"Wee mwenye gauni la njano! Mchezo umesimama!"

Kwetu Havana mpira ukiangukia watazamaji hurudishwa. Mipira haitoshi, kila mtu anajua, na hata mlevi wa safu ya juu kabisa akiudaka huutupa chini bila kuambiwa mara mbili. Lakini Idalmis aliugeuzageuza, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zake nyekundu, kisha akatabasamu peke yake.

Aliyekuja kuudai alikuwa Osmani Zulueta, kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali yake nyeupe imejaa vumbi jekundu magotini. Yeye ndiye aliyelinda lile pengo kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali inapopita mipira mikali kuliko yote, ambapo mtu akisinzia kidogo tu timu nzima inaaibika. Mashabiki walimwita Paka. Alikuja mpaka kwenye uzio, akanyoosha mkono.

"Mrembo, naomba mpira wangu."

"Wako? Nani kakwambia ni wako?"

"Kwani ni wa nani?"

"Wangu. Nimeushona mimi. Ona hapa mwisho, uzi wa kumalizia huwa nauvuta kushoto kidogo. Kiwanda kizima hakuna mwingine mwenye mkono huu. Mishono mia na nane, kaka, halafu wewe unauburuza mavumbini."

"Mimi siuburuzi. Naudaka."

"Eti unaudaka! Na ule uliokupita katikati ya miguu raundi ya pili, uliudakia wapi?"

Safu tatu za watu zikaangua kicheko. Mwamuzi alikuwa anapiga mayowe, kocha anapiga mayowe, na Osmani amesimama pale kama aliyesahau alikotoka.

"Basi nipe mpira, na jina lako."

"Mpira chukua. Jina utalitafuta kiwandani."

Raundi iliyofuata aliruka kifudifudi, akaudaka mpira ambao hata mpigaji alikwishaushangilia, akautupa akiwa bado amepiga magoti. Uwanja ulilipuka. Yeye alikuwa anatazama safu za kituo cha tatu, anatafuta rangi ya njano, na kocha akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jina alilitafuta. Jumatano saa tisa, wanawake wa kiwandani walipotoka huku wakinyoosha vidole vilivyochoka, walimkuta mlangoni katika shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mkononi alikuwa na maparachichi matatu.

"Wenzio huleta maua," Idalmis alimwambia.

"Maua utayala?"

"Ningeyanusa."

"Basi nusa parachichi."

Walianza hivyo. Walikuwa wakienda kupanga foleni ya aiskrimu pale Vedado, foleni ya saa mbili nzima, na kama ilivyo desturi waliuliza nani wa mwisho kisha wakaenda kukaa kivulini nafasi yao ikiwangoja. Siku hizo Havana ilikuwa na jua laini la Februari. Magari ya zamani yalipita yakikohoa, nguo zilizoanikwa kwenye roshani zilipeperuka, na hao wawili waliona kama mji mzima umewekwa pale kwa ajili yao. Mapenzi yana upumbavu wake, na ule ulikuwa mtamu.

"Ukiwa pale kwenye pengo lako unawaza nini?" Idalmis alimuuliza siku moja.

"Siwazi. Mrushaji akishainua mguu, kunakuwa kimya. Watu wanapiga ngoma, wanapiga tarumbeta, lakini mimi sisikii. Naona uzi mwekundu unazunguka tu. Siku hizi naona vidole vyako."

"Muongo mkubwa."

"Haki ya mama. Ndiyo maana sikosi tena."

"Juzi ulikosa miwili."

"Hiyo hukuishona wewe."

Idalmis alicheka, kisha sauti yake ikawa nyingine. Alimsimulia habari za baba yake. Kiangazi cha mwaka tisini na nne, watu walipokuwa wanakimbilia Marekani kwa mashua za mbao na matairi, baba alimwambia anakwenda kununua mkate. Idalmis alikuwa na miaka tisa. Alikaa mlangoni siku nne. Baba alifika salama Florida, ana watoto wengine huko, hutuma salamu. Lakini mtoto yule wa mlangoni hakuwahi kuondoka moyoni mwa Idalmis.

"Mimi sikuombi usiondoke," alisema. "Wachezaji mnaondoka, hilo nalijua. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukiondoka, niage. Niambie siku, niambie saa. Mengine nitavumilia."

"Siondoki, mpenzi."

"Sijakuuliza kama utaondoka. Nimekwambia niage."

"Nitakuaga," Osmani alisema, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Oktoba ya mwaka uliofuata timu ilipangiwa mashindano Mexico. Kwetu msafiri haagizwi viatu kwa namba, maana namba za ng'ambo hazilingani na zetu. Mguu huwekwa juu ya karatasi, ukazungushwa penseli, karatasi ikakunjwa ikaingia begini. Mchezaji akisafiri hubeba miguu ya mtaa mzima: ya mke, ya mama mkwe, ya mwalimu wa mtoto. Eliecer, mrushaji wa timu, alikuwa na miguu kumi na tisa begini mwake.

Asubuhi ya safari Idalmis alikata kifuniko cha boksi, akakiweka sakafuni jikoni, akavua kandambili na kukanyaga juu yake.

"Haya Paka, chora."

Osmani alichuchumaa na penseli. Alikaa hivyo muda mrefu, ncha ya penseli karibu na kidole kidogo, bila kuchora. Halafu akainuka.

"Mguu wako naujua kwa moyo. Karatasi ya nini?"

"Ukiniletea viatu vya bibi yako, utavivaa mwenyewe!"

Alimpiga kwa kitambaa cha vyombo. Osmani akamkumbatia kwa nguvu mno, mpaka Idalmis akalalamika kwamba anamvunja mbavu, kisha akachukua begi lake na kuteremka ngazi haraka. Dirishani Idalmis alimwona akivuka barabara. Hakugeuka.

Timu ilirudi baada ya siku kumi na mbili, bila Osmani.

Alikuwa ametoka hotelini asubuhi kwenda kunywa kahawa, na huko akaingia katika gari la mtu. Redio haikumtaja tena, maana kwetu mchezaji akitorokea ng'ambo jina lake hufutwa. Nereida, mke wa Eliecer, alikuja na viatu vyake vipya vyekundu miguuni, akaketi jikoni kwa Idalmis na kulisema lile ambalo majirani wa ngazi nzima walikwishalisema.

"Shoga, nisamehe, lakini mwanamume anayekataa kuchora mguu hana nia ya kurudi. Alijua tangu hapa. Alikudharau."

Idalmis aliingia chumbani, akalala na nguo zake. Katika ndoto alikuwa na miaka tisa tena, ameketi mlangoni, ila sasa waliokuwa wamekwenda kununua mkate walikuwa wawili.

Simu ya jengo lile ilikuwa moja tu, kwa Bi Zoraida wa ghorofa ya pili, mjane mnene mwenye rola za nywele zisizotoka kichwani tangu arusi yake. Hakuna siri iliyopita katika simu ile bila kuongezwa chumvi. Jumapili ya tatu, saa nne asubuhi, ililia.

"Idalmiiis! Ni yeye! Anapiga kutoka Miami!"

"Mwambie sipo!"

Bi Zoraida alirudisha simu sikioni. "Anasema nikuambie hayupo."

"Bi Zoraida, naisikia sauti yake."

"Hata mimi naisikia, mwanangu, lakini ndivyo alivyosema. Vipi huko, kuna baridi? Unakula?"

Alipiga Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, karibu miaka miwili. Bi Zoraida alimpa habari zote: Idalmis amekonda, Idalmis amenenepa, Idalmis amekata nywele na zimempendeza. Idalmis mwenyewe hakushuka ngazi.

Kule ng'ambo Osmani alianzia chini. Alicheza katika miji midogo ambayo majina yake hakuweza kuyatamka, alilala kwenye mabasi akiegemeza kichwa kwenye kioo chenye ukungu, alikula mkate na siagi ya karanga mpaka akaichukia. Aliona theluji mara ya kwanza akadhani kuna kitu kinaungua. Mikono yake haikubadilika, hata hivyo. Mpira mkali ulipopigwa chini alikuwa tayari yuko pale, na makocha waliozeeka katika kazi hiyo waliacha kutafuna wakamtazama. Mwaka wa pili, mwezi Agosti, wakampandisha ligi kuu.

Katika mchezo wake wa kwanza, mbele ya watu elfu arobaini, mpira ulipinda ukaangukia watazamaji wa upande wake. Osmani akaenda mpaka ukingoni, akanyoosha mkono, akangoja. Baba mmoja mwenye kitambi alikuwa ameukumbatia mpira ule kama mtoto mchanga. Osmani akamwashiria autupe. Yule baba akakataa kwa kichwa, maana huko anayeudaka huondoka nao. Osmani akaendelea kungoja, mkono wazi, kwa adabu kabisa. Uwanja mzima ukaanza kucheka, mwamuzi akaja kumgusa bega, mpira mwingine ukatolewa, na bado alikuwa ananyoosha mkono. Waandishi walipomuuliza baadaye, alisema kupitia mkalimani, "Kwetu hurudi. Kuna mtu ameushona."

Picha za video za tukio lile zilifika Havana kwenye diski, pamoja na filamu na tamthilia ambazo watu hupeana kila wiki. Bi Zoraida aliwaita majirani wote. Walicheka mpaka wakashika matumbo. Idalmis, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, alicheka pia, kisha alipoisikia ile "kuna mtu ameushona" akafunika uso kwa mikono yake na kulia mbele ya watu.

Jumapili hiyo simu ilipolia alikuwa amekwisha kaa kando yake, kavaa gauni la kijani na hereni, kana kwamba simu ina macho.

"Bi Zoraida? Shikamoo."

"Ni mimi."

Sauti ya bahari ilisikika katika waya, au labda ni waya wenyewe.

"Idalmis."

"Kwa nini hukuchora mguu wangu?"

"Nilitaka kuchora."

"Nakuuliza kwa nini hukuchora. Watu wananicheka mpaka leo. Ulijua hurudi, sivyo?"

"Nilijua. Tangu Agosti nilijua."

"Ndiyo hivyo. Nereida alisema kweli."

"Ngoja, mpenzi. Nilijua, lakini sikuweza kukwambia. Ukishajua, ungeulizwa, na wewe huwezi kudanganya hata kuhusu umri wa paka. Ungefukuzwa kazi. Basi nikasema nitafanya kama wote, nitachora, nitaondoka. Nikashika penseli. Mkono ukakataa. Ningechora, mguu wako ungekuwa begini mwangu na mimi sirudi. Ningekuwa nimekudanganya kwa mkono wangu. Mdomo wangu ulikwishakudanganya, Idalmis. Mkono nikauzuia."

Idalmis alizungusha waya wa simu kidoleni. Miaka miwili alikuwa ameisoma karatasi ile tupu kama dharau, kumbe ndiyo kitu pekee cha kweli alichoachiwa. Ukweli huo ulimuuma zaidi.

"Uliniahidi utaniaga," alisema polepole.

"Niliahidi."

"Hukuniaga."

"Sikukuaga. Sina la kujitetea."

Bi Zoraida, aliyekuwa akikaanga ndizi hatua mbili kutoka pale, alifuta macho kwa mkono ulioshika upawa.

Sheria ya wakati ule ilikuwa miaka minane. Mchezaji aliyetoroka haruhusiwi kukanyaga nyumbani mpaka iishe. Walizungumza kila Jumapili, na sitawaficha, hawakuishi kama watawa. Kulikuwa na fundi friji aliyeitwa Wilfredo, mtu mwema, akaja kumposa Idalmis miezi saba mfululizo. Kulikuwa na mwanamke wa Tampa ambaye Osmani alikaa naye mwaka mmoja na nusu. Waliambiana. Waligombana, wakakatiana simu, wakanyamaziana mwezi mzima, kisha Jumapili moja simu ikalia tena.

"Leo umekosa mpira raundi ya saba."

"Umeonaje?"

"Sijaona. Sauti yako tu."

Akawa nyota, kwa miaka mitano. Alipewa glovu ya dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, picha yake ikabandikwa kwenye mabasi ya mji wake. Baadaye goti likaharibika, likapasuliwa mara mbili, na siku moja mpira wa kawaida kabisa ukampita kushoto. Hakuna aliyemzomea, na huko kutozomewa kulimwambia kwamba umri umefika.

Miaka minane ilitimia. Siku tatu kabla ya kupanda ndege kuja kwetu, klabu ya mji mwingine ilimpa mkataba wa mwisho wa miaka miwili. Akausaini mezani, bila kumuuliza Idalmis, maana mchezaji hajui kukataa mchezo. Binamu yake aliyemsimamia kazi akampa ushauri wakati wanakwenda uwanja wa ndege.

"Una siku kumi. Usimharibie. Mwambie siku ya mwisho, au mpigie ukishafika."

Osmani alitazama nje ya dirisha.

Alifika Jumatatu ya kwanza ya Desemba, suti nyeupe ya kitani, mchechemeo kidogo, mvi mbili kidevuni. Ngazi nzima ilikuwa mlangoni. Idalmis alikuwa na miaka thelathini na tatu, nywele fupi, midomo aliipaka rangi mara tatu na kuifuta mara tatu. Walitazamana kama watu waliokutana ndotoni na wanaogopa kuamka.

"Umezeeka, Paka."

"Wewe hujazeeka hata kidogo."

"Muongo mkubwa," alisema, akamvuta ndani.

Siku ile yote ilikuwa kama maziwa ya uvuguvugu. Walikula wali na maharagwe meusi, walitembea Cerro wameshikana mikono, watoto wakaja kumgusa Osmani mkono wa kulia. Idalmis alicheka vile alivyokuwa akicheka zamani. Na kila alipocheka, ule mkataba ulimchoma Osmani kifuani. Siku kumi za furaha alikuwa nazo mkononi, nzima nzima, kwa bei ya kunyamaza tu.

Asubuhi ya pili Idalmis alikuwa anachuja kahawa.

"Idalmis, keti."

"Nikiketi kahawa itamwagika. Sema."

"Ninaondoka tarehe kumi na tatu, Alhamisi ya wiki ijayo. Ndege ya saa nane na robo mchana."

Mgongo wake haukugeuka.

"Nimesaini miaka miwili mingine. Nilisaini kabla sijaja. Sikukuuliza, na nilipaswa kukuuliza. Binamu yangu aliniambia nifiche mpaka siku ya mwisho. Nimeshindwa kufika hata mchana."

"Na hilo goti?"

"Goti limekwisha. Nitakaa benchi, nifundishe vijana, nicheze siku mtu akiumwa."

"Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya benchi."

"Kwa ajili ya benchi. Ndiyo."

"Toka nje."

Alitoka. Aliketi kwenye ngazi na suti yake nyeupe. Bi Zoraida akapanda akihema, akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Umefanya nini tena, mwanaharamu wee?"

"Nimemwambia siku ninayoondoka."

"Siku ya pili tu? Hukuweza hata kungoja ule nyama ya nguruwe niliyokuandalia?" Kisha akamtazama vizuri, akaketi kando yake, akampigapiga goti bovu. "Mume wangu alikufa bila kuniambia kama anaumwa. Kaa hapo. Usiende popote."

Mlango ulifunguka baada ya saa nzima. Idalmis alikuwa amenawa uso, macho mekundu.

"Umesema saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Rudia yote. Tangu mwanzo."

Osmani akasimama, akaegemea ukuta, akarudia: tarehe, siku, saa, mji anakokwenda, miaka miwili, goti. Idalmis alimsikiliza huku machozi yanateremka bila kuyafuta, na alipomaliza akamshika kwa kola ya ile suti.

"Miaka ishirini na minne nimengoja mtu aniambie saa," alisema. "Kumbe mnaweza! Kumbe ni maneno tu, mtu anafungua mdomo anayasema!"

"Nisamehe."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Nitakasirika mpaka Alhamisi. Osmani, Jumanne ijayo jumba la ndoa liko wazi."

"Unasemaje?"

"Nasema nioe. Nitakuwa nimeolewa na mtu anayeondoka, hilo nalijua, nimeambiwa. Karatasi za kukufuata zikikubaliwa nitakuja, zisipokubaliwa nitakungoja hiyo miaka miwili na nitakutukana kila Jumapili. Hayo yote naweza. Nisichoweza ni kutoambiwa. Unanioa au hunioi?"

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu elfu arobaini aliishika tu ile mikono iliyomshika kola. Bi Zoraida akamjibia.

"Anakuoa! Na shahidi ni mimi!"

Jumanne hiyo walioana, Idalmis kavaa gauni la bluu la kuazima kwa Nereida, bwana harusi anachechemea, shahidi analia kuliko mama wa bibi harusi. Jumatano hawakutoka nyumbani.

Alhamisi walikwenda uwanja wa ndege katika gari kuukuu, watu saba wakibanana. Osmani alikuwa na kawaida ya kuondoka haraka bila kugeuka. Mbele ya mlango wa abiria aliweka begi chini, akamshika Idalmis mabega.

"Idalmis, mke wangu, ninaondoka sasa. Kwaheri."

"Sema tena."

"Kwaheri, mpenzi."

"Kwaheri, Osmani. Safari njema."

Aliingia, akageuka, akapunga mkono, akageuka tena. Idalmis alisimama kwenye kioo mpaka ndege ikapotea juu ya mitende, akilia kwa sauti na kucheka palepale, mpaka mlinzi mmoja akaja kumuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna, kaka," alimwambia. "Mume wangu ameniaga."